Usahihi wa Kioo cha Darubini Haukai Mkononi

Kioo kikuu cha darubini hakivumilii makosa: uso wake ukipotoka kwa zaidi ya nanomita 70 hivi, takriban sehemu moja ya elfu ya unene wa unywele, nyota huanza kufifia. Hata hivyo, Machi 13, 1781, mwanaastronomia William Herschel aliigundua sayari ya Uranus akiwa Bath, Uingereza, kwa darubini ambayo kioo chake, cha shaba na bati, alikisaga mwenyewe. Mtu ana haki ya kuuliza mkono unafikiaje kipimo ambacho jicho halikioni. Msagaji wa leo hutia maji na chembe za karborandamu kati ya vipande viwili vya kioo vya mviringo, akasukuma cha juu mbele na nyuma, huku akikigeuza na kuizunguka meza. Cha juu hubonyea, cha chini hubinuka. Kila kinundu husagika kwanza, na umbo pekee linaloruhusu nyuso hizo kuteleza kila upande bila kuachana ni la tufe. Mkono usiorudia njia yake, ambao tungeudhania kasoro, ndio unaolileta umbo hilo.

Baada ya chembe laini zaidi hufuata kung'arisha kwa lami na oksidi ya seriamu, na hapo kazi ngumu ni kupima. Tufe halitoshi; mwanga wa nyota unahitaji parabola, na katika kioo cha sentimita 15 chenye fokasi ya mita 1.2 tofauti yake na tufe haifiki hata mikromita moja. Mwanafizikia Léon Foucault alionyesha mwaka 1858 kwamba taa ndogo na ukingo wa wembe vinatosha kuifichua, kwa vivuli vinavyotokea usoni mwa kioo.

Wapo wanaosema mashine zimeipiku kazi ya mkono, na kweli kioo cha kiwandani huenda kikawa nafuu zaidi. Lakini kioo cha darubini ya anga ya Hubble, cha mita 2.4, kilichong'arishwa kwa mashine ya kompyuta, kilirushwa mwaka 1990 kikiwa na ukingo uliosagwa kupita kiasi kwa mikromita 2 hivi. Lenzi ya kifaa cha kupimia ilikaa milimita 1.3 nje ya mahali pake, na vipimo vingine vilivyoonyesha kosa vilipuuzwa. Msagaji makini hung'arisha dakika chache, hukiacha kioo kipoe kwa kuwa joto la viganja hukivimbisha, kisha hupima tena.