ZIWA LINALOPIKA THELUJI

Ukimwambia mtu wa Kisumu kwamba ziwa laweza kuufunika mji mpaka milango ya nyumba isifunguke, atadhani unasema juu ya mafuriko. Mafuriko sisi tumeyaona. Lakini nataka kukueleza habari za ziwa jingine, ambalo huwatupia wakazi wake theluji badala ya maji, na tena huitupa kwa wingi zaidi wakati maji yake yangali na joto. Jambo hili lilinitatiza kwa muda mrefu. Theluji na joto, wapi na wapi?

Ziwa lenyewe huitwa Erie, nalo limo mpakani mwa Marekani na Kanada. Kwenye ncha yake ya mashariki kuna mji uitwao Buffalo, katika jimbo la New York. Shangazi yangu, dadake baba, amekuwa akiishi huko tangu mwaka 2016, na kazi yake ni kuwatunza wakongwe katika makao yao. Ndiyo sababu jina la mji huo hutajwa sana nyumbani kwetu, hasa ifikapo Novemba.

Kwanza tuelewane juu ya theluji, kwa maana wengi wetu tunaichanganya na mvua ya mawe. Mvua ya mawe tunaijua. Wenzetu wa Kericho na Nandi, ambako majani ya chai huchanwachanwa nayo mwaka baada ya mwaka, wanaijua zaidi. Jiwe la mvua huanza kama tone ndani ya wingu refu la radi. Upepo hulipandisha juu, likaganda, likavikwa maji mengine yanayoganda, tabaka juu ya tabaka, mpaka likawa zito likaanguka pwaa! Theluji haifanywi hivyo. Mvuke ulio katika wingu la baridi hugeuka kuwa fuwele za barafu moja kwa moja, bila kupitia hali ya maji. Fuwele hizo hushikamana na kushuka polepole kama pamba inayopeperushwa. Septemba 2008 mvua ya mawe iliufunika mlima mmoja karibu na Nyahururu, ukawa mweupe wote, na watu wakatoka mbio kwenda kuangalia ile waliyodhani ni theluji. Ilikuwa mawe tu. Ukitaka theluji ya kweli hapa Kenya itakubidi uupande Mlima Kenya.

Sasa turudi ziwani. Hebu mfikirie mama anayeuza uji stejini alfajiri ya mwezi wa Julai. Akifunua sufuria, mvuke mweupe hupanda mpaka humwoni uso. Akiifunua sufuria iyo hiyo saa saba mchana, uji ni moto vilevile, lakini mvuke huo huuoni sana. Tofauti haiko kwenye uji. Iko kwenye hewa iliyo juu yake. Hewa ya baridi ikikutana na kitu chenye joto na unyevu, mvuke hugeuka wingu papo hapo.

Ziwa Erie ndilo sufuria. Halina kina kirefu. Kwa wastani lina mita 19 tu, ilhali Ziwa Victoria lina mita 40 hivi, na kwa hivyo jua la kiangazi hulipasha moto upesi. Ifikapo Novemba nchi kavu imekwisha kupoa lakini maji bado yana joto lake. Ndipo hewa kavu ya baridi kali inapoteremka kutoka kaskazini mwa Kanada na kupita juu ya maji hayo. Chini hupata joto na unyevu, kisha hupanda juu, hupoa, na mawingu hujazana. Wataalamu wa hali ya hewa husema kwamba maji yakizidi hewa iliyo kilomita moja u nusu juu yake kwa nyuzi 13 hivi za Selsiasi, mambo huwa tayari. Na upepo ukivuma kutoka kusini magharibi, basi umefuata urefu wote wa ziwa, karibu kilomita 390, ukichota unyevu njia nzima. Mwishoni mwa njia hiyo ndipo walipoijenga Buffalo. Sijui waliojenga walikuwa wanafikiria nini! Bila shaka walifikiria bandari na biashara.

Ajabu ni kwamba theluji hiyo huja kwa ukanda mwembamba. Novemba 2014 vitongoji vya kusini mwa mji vilipata theluji ya kuzidi kimo cha mtu, huku mitaa ya kaskazini, mwendo mfupi tu kwa gari, ikipata ya kufunika viatu. Watu wa upande mmoja walisimama chini ya anga ya buluu wakiutazama ukuta mweupe uliowameza jirani zao. Novemba 2022 ilikuwa vivyo hivyo, kwa maana mahali paitwapo Orchard Park palipata takriban mita mbili kwa siku chache.

Hapa ndipo nilipopata jibu la swali langu. Ziwa likiganda, sufuria imefunikwa, na theluji ya namna hii hupungua sana. Kwa hivyo majira ya baridi yakichelewa kuuma, na ziwa likakaa wazi mpaka Januari, nafasi ya kupata theluji kubwa huongezeka. Watu husema, "Kama dunia inapata joto, mbona theluji inaangushwa namna hii?" Ni swali la haki, lakini joto hilo lenyewe laweza kuwa kuni za kupikia. Barafu ya maziwa hayo makubwa imekuwa ikipungua tangu ilipoanza kupimwa vizuri mwaka 1973, ingawa miaka hupishana, mwingine mwingi na mwingine haba. Joto likizidi sana, bila shaka kitakachoanguka kitakuwa mvua ya kawaida. Lakini kabla ya kufika huko, mtu anaweza kupata majira mafupi ya baridi na bado akaona dhoruba kubwa kuliko alizosimuliwa na babu yake.

Msomaji makini ataniuliza, na mwaka 1977 je? Maana dhoruba mashuhuri ya Buffalo ya Januari mwaka huo ilikuja wakati ziwa limekwisha ganda. Kumbe theluji nyingi ya siku hizo haikutoka mawinguni! Ilikuwa imelala juu ya barafu ya ziwa kwa majuma kadhaa, nyepesi kama unga, na upepo ulipovuma ukaikumba yote na kuimwaga mjini. Watu 29 walikufa. Nimeitaja ili ujue kwamba theluji peke yake si adui mkubwa. Upepo ndio unaoua. Huondoa joto kwenye ngozi upesi kuliko mwili unavyoweza kulirudisha, tena hupeperusha theluji mpaka mtu asiuone mkono wake mwenyewe.

Mambo hayo yote mawili, ziwa wazi na upepo, yalikutana Desemba 2022. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 23. Asubuhi hewa ilikuwa ya kawaida, kisha baridi ikashuka kwa kishindo. Upepo ulizidi kilomita 110 kwa saa, na kwa saa 37 mfululizo mji ulikuwa ndani ya weupe mtupu. Kwenye uwanja wa ndege ilipimwa theluji ya zaidi ya sentimita 130 kabla mambo kutulia. Magari ya zimamoto na ya wagonjwa yalikwama barabarani, hata yale yaliyotumwa kwenda kuyakwamua mengine.

Amri ya kuwakataza watu kuendesha magari ilianza kutumika saa tatu na nusu asubuhi ya siku hiyo hiyo. Je, mtu anayeingia kazini saa moja angeisikia wapi? Alikuwa amekwisha kufika, na jioni alilazimika kurudi. Jambo hili lililalamikiwa sana baadaye, nami naona walalamikaji walikuwa na haki. Mwenye kazi ya mezani aliweza kubaki nyumbani. Mpishi, mfagiaji na mtunza wagonjwa hawakuweza. Katika kaunti hiyo ya Erie walikufa watu zaidi ya 40. Baadhi walikutwa ndani ya magari, baadhi nje hatua chache kutoka milangoni, wengine ndani ya nyumba zisizo na umeme, na wengine moyo ulisimama wakizoa theluji kwa beleshi. Mjini Buffalo wengi wa waliokufa walikuwa watu weusi. Mmoja alikuwa kijana mkimbizi kutoka Kongo, aliyetoka kutafuta chakula. Wakongomani na Warundi ni wengi mjini humo, na shangazi husema kuna mitaa ambayo ukipita utasikia Kiswahili kama uko kwenu.

Yeye mwenyewe alikuwa zamu. Simu yake ilizimika usiku wa Ijumaa, na sisi huku tulikuwa tumekwisha anza Krismasi, maana tunawatangulia kwa saa nane. Baba alipiga, akapiga, akapiga. Nyanya hakugusa pilau. Alipopatikana Jumapili usiku tuliambiwa kwamba wa kumpokea zamu hawakuweza kufika, kwa hiyo yeye na wenzake wawili waliwahudumia wakongwe siku mbili wakilala kwa kupokezana kwenye viti. Kama angetoka saa yake ya kutoka, sijui.

Lakini si wote waliokosa msaada. Fundi mmoja wa magari, baada ya kubishiwa hodi zake katika nyumba kadhaa, alivunja dirisha la shule akawaingiza watu zaidi ya ishirini aliowakuta wamekwama. Walikula chakula cha wanafunzi, wakapata joto, na walipoondoka waliacha pasafi. Fundi aliacha barua ya kuomba radhi kwa dirisha alilovunja. Nadhani hiyo ndiyo barua nzuri kupita zote zilizoandikwa mwaka huo.

Ni vipi basi watu hukaa mahali pa namna hii? Kwa desturi, na desturi hizo zina sababu zake. Nguo huvaliwa nyingi nyepesi, moja juu ya nyingine, si koti moja zito, kwa kuwa hewa iliyonaswa katikati ndiyo inayotunza joto. Tena mtu hujihadhari asitoe jasho, maana nguo mbichi ni baridi tupu. Barabara humwagiwa chumvi kwa sababu maji ya chumvi hayagandi upesi, ingawa baridi ikizidi sana chumvi nayo hushindwa. Bomba la jikoni huachwa likidondoka usiku, kwani maji yakiganda huvimba na kupasua mabomba. Theluji huzolewa kidogokidogo, na wazee huambiwa waache kabisa.

La muhimu kuliko yote ni la gari. Ukikwama, usitoke kutafuta msaada kwa miguu, utapotea. Kaa ndani, washa injini kwa dakika kumi hivi kila saa, lakini kwanza ukaliondolee theluji bomba la moshi, na ufungue dirisha kidogo. Bomba likizibwa, moshi hurudi ndani pamoja na gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Unalala, huamki. Hapa msomaji wa Limuru au Nyahururu hahitaji kusimuliwa zaidi, maana ni gesi iyo hiyo inayowaua watu wetu waliolala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa.

Na usidhani kwamba baridi ni ile namba ya kwenye kipimajoto tu. Februari 2021 baridi iliingia Texas, jimbo la kusini lililozoea jua. Kwa Buffalo ingekuwa juma la kawaida. Huko Texas mitambo ya gesi na ya umeme ilikuwa haikukingwa, ikaganda. Nyumba na maduka zaidi ya milioni nne yakakosa umeme, tena jimbo hilo lina mfumo wake wa umeme uliotengwa na majirani, hivyo halikuweza kukopeshwa wa kutosha. Hesabu ya serikali ya jimbo ilikuwa watu 246 waliokufa. Baadhi yao walijifungia na magari au jenereta zinazounguruma ili wapate joto, na ile gesi ikawakuta.

Kuhusu Buffalo, theluji ya 2022 haikudumu. Kufikia mwaka mpya hewa ilikuwa imepanda kupita nyuzi 10, na ile milima myeupe ikawa matope ya kijivu yanayotiririka mitaroni, watu wakaanza kuogopa mafuriko! Shangazi alilikuta gari lake pale alipoliegesha, limezama mpaka vioo. Siku hizi ndani yake hukaa blanketi mbili, beleshi fupi, tochi, kitambaa chekundu cha kufunga nje ili aonekane, na kopo la njugu karanga ambalo nyanya humpelekea kila anapopatikana mtu wa kusafiri.