Baba Amerudi kutoka Hospitali: Moyo Wake Tuutunze Namna Gani?

Baba alishikwa na ugonjwa wa moyo kwa ghafula. Kifua kilimbana kama mtu aliyewekewa jiwe, jasho la baridi likamtoka, pumzi ikawa fupi. Majirani walisaidia, akafikishwa hospitali, akatibiwa, na sasa waganga wamempa ruhusa kurudi nyumbani. Watu wote wa nyumba wanafurahi. Lakini kesho yake wanaanza kuulizana: Je, alale tu? Aweza kwenda shamba? Ale nini? Na maumivu yakirudi usiku, tufanyeje?

Maswali hayo ni mazito kwa kila nyumba, na huku milima ya Upare yana uzito wa pekee. Mtu wa Chome, Vudee au Mbaga akitoka mlangoni kwake hukutana na mwinuko au mteremko. Shamba liko juu, maji yako chini, na hospitali iko mbali.

UGONJWA WENYEWE

Moyo ni msuli unaosukuma damu mchana na usiku. Nao wenyewe hulishwa kwa mishipa yake midogo. Mishipa hiyo ikiingia mafuta miaka mingi, siku moja damu huganda ndani yake na kuziba njia. Ni kama mfereji utokao kwenye ndiva: ukizibwa na tope, shamba la chini hukauka. Sehemu ya moyo iliyokosa damu hufa, na mahali pake hufanyika kovu. Kovu hilo huchukua majuma 6 hadi 8 hivi kukomaa. Lakini sehemu iliyobaki nzima yaweza kufanya kazi vema miaka mingi, ikitunzwa.

KITANDA AU JEMBE?

Hapa ndipo ugomvi wa nyumbani huanza. Watoto, kwa hofu, wanataka baba asiinuke kitandani. Baba naye, kwa kuwa kifua hakimwumi tena, anatafuta jembe lake. Wote wawili wamekosea.

Zamani hata waganga waliwalaza wagonjwa hawa majuma 6 au zaidi. Halafu wakaona kwamba kulala sana kuna hasara: damu huganda miguuni, misuli hulegea, na mtu hukata tamaa. Mwaka 1952 waganga wawili wa Boston, Samuel Levine na Bernard Lown, waliandika habari za wagonjwa waliokalishwa kitini mapema, wakaendelea vizuri. Mwezi wa Septemba 1955, Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alipatwa na ugonjwa huu huu. Mmoja wa waganga wake, Paul Dudley White, alikuwa mtu wa kusifu sana kutembea kwa miguu. Rais alirudi kazini, akachaguliwa tena mwaka 1956, akaishi mpaka mwaka 1969.

Basi, kama mganga hakukataza, mgonjwa atembee. Siku za kwanza dakika 5 au 10 zatosha, mara mbili kwa siku, uani au kwenye njia iliyo sawa. Kila siku chache aongeze kidogo, hata afike dakika 30 baada ya majuma 6 hivi. Haba na haba hujaza kibaba. Kipimo chake ni mdomo wake: akiweza kuzungumza huku akitembea, mwendo unafaa, akishindwa kumaliza maneno, apumzike. Asitembee mara baada ya kula, wala alfajiri wakati baridi ya mlimani ni kali. Angoje jua litoke. Miinuko aiache kwanza. Kulima, kupasua kuni, kubeba ndoo au gunia, hayo yote yangoje ruhusa ya mganga. Hata habari za tendo la ndoa mume na mke wasione haya kumwuliza.

CHUNGU CHA MAMA

Makande ni chakula chetu, na mahindi na maharage hayana neno. Ubaya ni chumvi nyingi, mafuta mengi, na magadi. Magadi ni ndugu ya chumvi: hupandisha presha ya damu. Loweka maharage na mahindi usiku kucha, nayo yataiva upesi bila magadi. Ongeza mboga za majani na matunda. Punguza nyama ya mafuta. Tumbaku aiache kabisa, na pombe vilevile. Wala asiketishwe jikoni penye moshi wa kuni, kwani moshi huo nao hudhuru moyo.

DAWA NA WAGENI

Wengi huacha dawa wakijiona wazima. Hiyo ni hatari kubwa. Dawa ndizo zinazozuia damu isigande tena. Asiziache wala asizipunguze bila shauri la mganga. Anayetaka kutumia mizizi au majani, amwambie mganga kwanza. Kama alitibiwa KCMC pale Moshi, au katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2015, siku aliyoandikiwa kurudi asiikose.

Wageni wa kutoa pole ni baraka, lakini wasijae chumba kutwa. Wakae kidogo, wamwache apumzike. Tena mgonjwa akiwa mnyamavu, akikosa usingizi, au akilia, msimcheke. Huzuni baada ya ugonjwa huu huwapata wengi, nayo ina matibabu.

MAUMIVU YAKIRUDI

Kifua kikibana tena, maumivu yakienda mkononi, shingoni au tayani, jasho na pumzi fupi vikafuata, msingoje asubuhi. Wanawake, wazee na wenye kisukari pengine hawaoni maumivu makali, ila uchovu mwingi, kichefuchefu au kukosa pumzi. Mketisheni, asitembee. Kama mganga alimpa dawa ya wakati huo, apewe mara moja. Kisha apelekwe hospitali upesi.

Kwa hiyo mpatane leo, kabla ya shida: gari la nani litaitwa usiku, namba yake iko wapi, na fedha ya safari imewekwa na nani. Andikeni pia majina ya dawa zake katika karatasi moja na kuiweka mahali kila mtu wa nyumba anapopajua. Nyumba iliyopatana mambo haya haitapoteza saa nzima kugongana gizani.