Msimpake Mtoto Kila Kitu

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto huku Muheza. Masika yakikolea, haipiti asubuhi bila mama kunifunulia mguu wa kichanga uliojaa vipele. Kabla sijauliza kaumwa na nini, huuliza: "Umempaka nini, mama?"

Majibu nayajua: dawa ya meno, majivu, mafuta ya taa, kitunguu saumu. Siku hizi imeongezeka tyubu ya steroidi iliyonunuliwa duka la dawa kwa ushauri wa jirani. Jamani! Uvimbe wa mbu ni mwili unaopambana na mate ya mdudu, na hupungua wenyewe baada ya siku chache. Ngozi ya kichanga ni nyembamba na hunyonya upesi kila inachopakwa. Mafuta ya taa huichoma, saumu huibabua, na steroidi kali ikipakwa ovyo huzidi kuikondesha hata dawa ikaingia kwenye damu. Zile dawa za kuchua zenye kafuri nazo waachieni mabibi wachulie magoti yao.

Mwoshe kwa maji safi na sabuni ya kawaida, umkaushe bila kumsugua. Chovya kitambaa safi kwenye maji baridi, kikamue, kiweke juu ya uvimbe kama dakika 10. Losheni ya kalamini, ile ya rangi ya waridi, hutuliza muwasho; isifike machoni, mdomoni wala kwenye kidonda kibichi. Kisha mkate kucha. Hapo ndipo ninapovutana na mabibi, maana wapo wasiotaka mtoto akatwe kucha kabla ya arobaini. Sigombi, nawaambia wamvishe soksi za mikononi. Lakini vidonda vingi vya usaha ninavyosafisha vilianza kwa kujikuna.

Tazama pia alama zilivyokaa. Ukiamka ukakuta vipele vitatu vinne vimejipanga mstari, funua godoro, huenda ni kunguni. Jipu lenye tundu dogo katikati, ambalo mama anaapa kuna kitu kinachezacheza ndani, mara nyingi ni buu wa inzi anayetaga kwenye nguo mbichi zilizoanikwa chini au kivulini. Usilikamue, mlete kliniki. Hapa mabibi wako sahihi kabisa: nepi ipigwe pasi pande zote mbili, hadi kwenye mishono.

Nyuki akimuuma, utoe mwiba upesi kwa kuukwangua na ukucha. Mtoto akivimba midomo au uso, akipumua kwa shida, akitapika au akilegea, usisubiri kupambazuke, mkimbize hospitali. Wekundu unaozidi kutambaa, wenye joto au usaha, nao unataka daktari. Na homa msiisingizie vipele wala meno. Apimwe malaria siku hiyo hiyo.

Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu haimfai mtoto aliye chini ya miezi miwili, kwa hiyo kinga yake ni chandarua chenye dawa. Hapa Tanzania mama hupewa bure akianza kliniki ya ujauzito, na tena mtoto akija kwa chanjo ya surua ya miezi 9. Kama chako bado kimo kwenye mfuko wake juu ya kabati, kianike kivulini leo, kesho mtoto alale ndani yake.