Kuandika Baada ya Saa za Ofisi: Hesabu ya Saa Ambayo Mtumishi Hana Budi Kuifanya

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Ofisi nyingi za Serikali hufungwa saa 9:30 alasiri. Kwa baadhi ya watumishi, huo ndio wakati ambapo kazi ya pili huanza. Mwalimu hurejea kwenye riwaya aliyoianza mwaka uliopita, muuguzi huandaa makala ya afya anayoichapisha mtandaoni kila wiki, na afisa kilimo hupanga maarifa aliyoyakusanya kwa wakulima wa wilaya yake ili siku moja yawe kitabu. Wengi wao hawalipwi chochote kwa kazi hiyo, wala hawangekubali kuiacha.

Manufaa ya kazi hiyo kwa Taifa hayahitaji maelezo marefu. Sehemu kubwa ya kile kinachosomwa kwa Kiswahili kuhusu sheria, afya, malezi na historia za mahali imeandikwa na watu wenye ajira nyingine. Kinachohitaji maelezo ni gharama yake, ambayo kwa kawaida haionekani hadi mwandishi anapoanza kusinzia kikaoni, kumjibu mwananchi kwa ukali dirishani, au kuichukia kalamu yenyewe. Gharama hiyo inaweza kukadiriwa mapema, na hatua ya kwanza ni kuhesabu saa.

Tuchukue mfano wa kawaida. Mtumishi anayeingia ofisini saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, anatumikia saa 40 kwa wiki. Akiandika saa mbili kila jioni ya siku ya kazi, anaongeza saa 10. Akitenga na Jumamosi saa tano za kusahihisha na kuchapisha, jumla yake ni saa 55. Hapo hatujahesabu safari ya kutoka Mbagala au Kimara kwenda mjini, kazi za nyumbani, wala simu za ofisi zinazopigwa usiku.

Idadi hiyo ya saa 55 ina uzito wake. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalitoa makadirio ya pamoja yaliyobaini kuwa kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusishwa na ongezeko la takriban asilimia 35 la hatari ya kupata kiharusi, na ongezeko la asilimia 17 la hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo, ikilinganishwa na kufanya kazi saa 35 hadi 40. Mashirika hayo yalikadiria kuwa vifo 745,000 duniani kwa mwaka 2016 vilitokana na saa nyingi za kazi. Vifo vingi vilikuwa vya watu wa umri wa miaka 60 hadi 79 waliofanya kazi kwa saa hizo wakiwa na umri wa kati ya miaka 45 na 74. Kwa maneno mengine, deni hukopwa katika umri wa kati na kulipwa uzeeni.

Huenda msomaji akasema kuwa makadirio hayo yalihusu ajira, ilhali yeye anaandika kwa mapenzi. Ni kweli kuwa mapenzi hupunguza machungu ya kazi. Lakini hayapunguzi saa ambazo macho yamekaa mbele ya kioo cha kompyuta, wala hayarudishi usingizi uliokatwa. Inapendekezwa kuwa mtu mzima alale saa saba au zaidi kila usiku, na usiku mmoja hautoshi kwa usingizi kamili, malezi, na sura mpya ya riwaya.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inayowahusu pia watumishi wa umma wa Tanzania Bara isipokuwa wa majeshi na vyombo vilivyotajwa ndani yake, iliweka mipaka kwa sababu hiyohiyo. Saa za kawaida hazipaswi kuzidi 45 kwa wiki. Muda wa ziada hauruhusiwi kuzidi saa 50 katika kipindi cha wiki nne. Mfanyakazi anastahili mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 mfululizo kila wiki. Mwandishi wetu wa mfano, kwa saa zake 15 kila wiki, anafikisha saa 60 za ziada katika wiki nne. Anajidai mwenyewe kile ambacho mwajiri wake asingeruhusiwa kumdai. Sheria hiyo inahesabu usiku kuwa muda wa baada ya saa 2 usiku hadi kabla ya saa 12 asubuhi, na inaagiza malipo ya nyongeza ya angalau asilimia 5 kwa kazi ya wakati huo. Anayejiandikia nyumbani usiku hana wa kumlipa nyongeza hiyo isipokuwa mwili wake.

Aidha, ni vyema kufahamu uchovu unaozungumzwa hapa ni wa namna gani. WHO, katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, imeueleza uchovu uliokithiri wa kazi kuwa hali itokanayo na msongo wa muda mrefu wa kazini ambao haukudhibitiwa ipasavyo. Haukuorodheshwa kama ugonjwa. Alama zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kifikra au kuiona kwa dharau na kukata tamaa, na kuhisi kwamba ufanisi umepungua. Kwa mtumishi anayeandika, alama ya pili ndiyo hujificha zaidi. Hujiambia kuwa amechoka na ofisi tu kwa sababu wito wake halisi ni uandishi, kumbe anaichukia ofisi kwa kuwa anafika pale akiwa hajalala.

Je, inawezekana kufanya yote mawili kwa miaka mingi? Historia ya fasihi yetu inajibu kuwa inawezekana. Shaaban Robert, aliyezaliwa Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alikuwa mtumishi wa Serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Aliingia Idara ya Forodha mwaka 1926, akakaa humo hadi mwaka 1944, kisha akahamia idara nyingine. Katika miaka hiyo ya utumishi, uhamisho na mshahara wa karani, aliandika vitabu vilivyozidi 20 vya ushairi, riwaya, insha na wasifu.

Mfano mmoja unatosha. Utenzi wa Vita vya Uhuru, unaosimulia Vita Kuu ya Pili ya Dunia, una beti zipatazo 3,000, naye aliutunga kati ya mwaka 1942 na 1946. Ukisikia beti 3,000 unafikiri ni kazi isiyowezekana kwa mtu mwenye ajira. Zigawe kwa siku za miaka minne, utapata wastani wa beti mbili kwa siku, na ubeti wa utenzi una mistari minne. Bila shaka hakutunga mbili kila siku kama mtu anayekunywa dawa. Zipo siku alizotunga nyingi na siku ambazo hakutunga hata mmoja. Hata hivyo, hesabu hiyo inaonesha kuwa kazi kubwa haikuhitaji saa 55. Ilihitaji miaka.

Mwandishi wa Uingereza, Anthony Trollope, aliyekuwa ofisa wa Posta kwa zaidi ya miaka 30, alieleza utaratibu wake katika wasifu uliochapishwa mwaka 1883. Alikaa mezani saa 11:30 alfajiri, akaweka saa mbele yake na kujitakia maneno 250 kwa kila robo saa, kisha akaacha kabla ya kwenda kazini. Mfano huo hupendwa sana na wanaotoa semina za matumizi ya muda. Ni nadra kwao kutaja kuwa Trollope alimlipa mtumishi wa nyumbani paundi tano za ziada kwa mwaka ili amwamshe na kumletea kahawa. Mama mtumishi anayeamka saa 10 alfajiri kuandaa watoto wa shule na kuwahi daladala hana wa kumlipa kazi hiyo. Akishauriwa aamke mapema zaidi, anashauriwa alale pungufu zaidi.

Kwa hiyo swali lenye maana si saa gani ya kuandika, bali ni kiasi gani. Makala ya maneno 800 iliyofanyiwa uchunguzi na kusahihishwa kwa uangalifu ni nadra kuchukua chini ya saa nne. Anayeahidi wasomaji wake makala mbili kwa wiki ameahidi saa nane au zaidi, pengine bila kujua. Akiahidi moja kila wiki mbili, amebaki na saa mbili kwa wiki, ambazo hata familia yenye watoto wadogo inaweza kumwachia. Msomaji huvumilia ratiba ya polepole inayotimizwa kuliko ratiba ya kasi inayokatika mwezi wa tatu.

Ratiba hiyo ifuate pia kalenda ya ofisi. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30. Maofisa mipango, wahasibu na maofisa habari wanafahamu jinsi Bunge la Bajeti linavyowabana kuanzia Aprili hadi Juni. Walimu wa sekondari wana Novemba yao ya mitihani ya Kidato cha Nne. Kujiwekea kiwango kilekile cha kuandika mwaka mzima ni kupuuza jambo linalojulikana kabla halijafika. Utaratibu unaofaa ni kuandika zaidi katika miezi tulivu na kuweka akiba ya makala tatu au nne zilizokamilika, ili kipindi cha bajeti kikifika, kazi iliyobaki iwe kuchapisha tu. Mkulima hafanyi tofauti na ghala lake.

Wakati mwingine tatizo huwa katika kuchanganya hatua. Kukusanya taarifa, kuandika rasimu na kusahihisha ni kazi tatu zinazodai nguvu tofauti. Kuandika rasimu kunahitaji akili iliyopumzika, na ndiyo inayostahili Jumamosi asubuhi. Kusahihisha tahajia kunawezekana jioni mtu akiwa amechoka kiasi. Kunasa wazo kunahitaji daftari dogo na dakika mbili kwenye foleni. Anayejilazimisha kuandika rasimu saa 4 usiku kwa nguvu ya kahawa ajue kwamba saa tano baadaye takriban nusu ya kafeini bado imo mwilini, na kesho ataianza siku akiwa ameibiwa usingizi mara mbili.

Kwa anayechapisha mtandaoni kuna mzigo mmoja ambao karani wa Forodha wa mwaka 1942 hakuujua: kazi haimalizwi na nukta ya mwisho. Simu hulia saa 5 usiku, msomaji ameuliza, mwingine amepinga, wa tatu ametukana. Saa za kujibu zihesabiwe kuwa saa za kazi na zipangiwe muda wake. Mtumishi hana wajibu wa kumjibu kila mtu usiku huohuo.

Sambamba na afya, yapo mambo ya kiutumishi ambayo yakipuuzwa huleta msongo kuliko uandishi wenyewe. Muda wa ofisi, kompyuta na mtandao wa ofisi ni mali ya umma. Taarifa ambazo mtumishi amezipata kwa sababu ya wadhifa wake si mali yake, na Kanuni za Maadili ya Utumishi wa Umma zinamtaka azitunze. Anayekusudia kuchapisha habari na matukio mtandaoni aulize kwanza Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kuhusu leseni, kwa kuwa zipo Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Ni busara pia kumjulisha msimamizi wa kazi mapema. Mwandishi anayejificha hubeba hofu ya kugunduliwa juu ya uchovu wa kuandika, na hofu hiyo nayo hukesha.

Msimamizi naye ana sehemu yake. Siku 28 za likizo ya mwaka zimewekwa ili mtumishi apumzike. Ofisi inayompigia simu kila siku akiwa likizo imemnyang'anya mapumziko hayo, sawa na yeye mwenyewe anapozigeuza zote kuwa siku za kumaliza kitabu. Nusu ya likizo kwa kitabu na nusu kwa kulala ni mgawanyo ambao wengi wanaweza kuumudu.

Kwa yule ambaye tayari hana nguvu, analala bila kupata nafuu na anaona kazi zote mbili kuwa adha kwa wiki kadhaa mfululizo, kupunguza makala pekee huenda kusitoshe. Upungufu wa damu, kisukari, maradhi ya tezi ya shingo na sonona huweza kujitokeza kwa uchovu unaofanana kabisa na ule wa kazi nyingi, na haviondoki kwa kubadili ratiba. Aende kituo cha afya, aeleze saa zake zote za kazi, za mchana na za usiku, na aombe kupimwa.