Mlango Unaokataa Kufunga

Katika nyumba nyingi nchini Marekani, mlango wa gereji huendeshwa kwa mota ya umeme. Mwenye nyumba hubonyeza kitufe akiwa ndani ya gari, nao mlango huinuka kufuata reli zake. Hitilafu moja ijulikanayo sana ni hii: mlango hufunguka bila taabu, lakini ukiamriwa kufunga hukataa, au hushuka kidogo kisha hurudi juu, na taa ya mota humetameta.

Je, mota imeharibika? La. Mota iliyoweza kuuinua mlango yaweza pia kuushusha. Penye shaka ni macho mawili ya umeme yaliyofungwa pande mbili za mlango, kwa kimo kisichozidi sentimita 15 hivi kutoka sakafuni. Jicho moja hutoa mwali wa infraredi, usioonekana na mwanadamu; la pili huupokea. Mwali ukikatika, mtambo huhesabu kuwa pana mtu au kitu chini ya mlango.

Macho hayo si pambo. Watoto walikuwa wamekwisha kubanwa na kufa chini ya milango ya namna hii, na mwaka 1990 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyotaka mota za milango ya gereji za nyumbani zitakazotengenezwa kuanzia Januari 1, 1993 ziwe na kinga dhidi ya ajali hiyo.

Basi uchunguzi huanzia hapo. Kwanza huondolewa kila kizuizi, hata utando wa buibui, na vioo hupanguswa kwa kitambaa laini. Pili hutazamwa taa ndogo ya jicho lipokealo: ikipepesa au kuzimika, aghalabu macho hayaelekeani, nayo hurekebishwa polepole mpaka iwake imara. Jua la asubuhi au la jioni likilipiga jicho hilo, laweza kuufunika mwali. Taa za macho yote mawili zikizimika, plagi huchomolewa, kisha nyaya huchunguzwa kama zimekatika au zimegusana.

Mota ikivuma bila kuzunguka, huenda kapasita yake imekufa. Kapasita yaweza kuhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Kazi hiyo aachiwe fundi.

Wako wanaochoshwa na usumbufu, wakayafunga macho yote mawili darini yakitazamana. Mlango hufunga vizuri. Ila tangu siku hiyo haumwoni tena mtoto aliye chini yake.