Matembezi Yetu Ngomeni Mombasa

Wengi wenu mmekwisha kupita karibu na Ngome ya Yesu katika Mji wa Kale wa Mombasa, mkaziona kuta zake zilizosimama juu ya mwamba na kuelekea bahari. Lakini tukiwauliza ni wangapi walioingia ndani, twadhani wengi watainamisha vichwa. Nasi tulikuwa hivyo hivyo. Watu hutoka nchi za mbali wakavuka bahari ili kuitazama, na sisi wenyeji twaipita tukienda sokoni. Basi likizo iliyopita tuliazimu kwenda kama wageni, walimu watatu pamoja na watoto wetu. Na jirani yetu, mama mmoja mjane, akafuatana nasi.

Tulipokwisha kulipa ada langoni, mwongozi, naye ni kijana mwenye adabu, alitueleza asili ya mahali pale. Wareno walianza kuijenga ngome mwaka 1593, kwa kuwa walikwisha kuona merikebu za Waturuki zikija pwani hii kuwapokonya biashara. Aliyeichora ni Mtaliani, Giovanni Battista Cairati. Watoto wakapima unene wa ukuta kwa mikono yao, wakashindwa.

Kisha akatusimulia habari za mwaka 1631. Sultani Yusuf bin Hassan, aliyelelewa na mapadre huko Goa na kubatizwa kwa jina la Jerónimo, aliingia humu akamwua kapiteni Mreno, na Wakristo wengi waliokataa kuiacha imani yao wakauawa. Tulihuzunika kusikia. Lakini yatupasa kuisema habari yote: baba yake sultani huyo aliuawa mwaka 1614 kwa shauri la Wareno wenyewe. Walimu wenzetu, tulifikiri sana juu ya neno hili. Mtoto hujifunza kwa matendo ya mwalimu wake kabla hajajifunza kwa kitabu chake.

Tukaendelea. Mwaka 1696 Waarabu wa Omani waliizunguka ngome, wakaizingira hata Desemba 1698 walipoingia. Na waliokufa ndani kwa maradhi walikuwa wengi. Katika vita hivyo merikebu ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyokuja kuwaokoa, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697. Ikalala chini ya maji karibu miaka mia tatu, hata wapiga mbizi wakaichunguza tangu mwaka 1977, nasi tuliona kwa macho yetu vitu vilivyotolewa humo. Tuliona pia picha za merikebu ambazo askari wa Kireno walizichora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu. Mtoto mmoja akacheka, akasema, “Kumbe hata wao walichora ukutani!” Baba yake akamtazama, akanyamaza.

Tangu mwaka 1895 hata 1958 Waingereza waliifanya ngome kuwa gereza. Na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa nyumba ya makumbusho. Mwaka 2011 iliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Sasa twafika katika jambo lililotufanya tuandike. Katika chumba kimoja mna vyombo vya kaure vya Uchina, vilivyochimbwa katika magofu ya pwani kama Gedi. Mama yule akasimama mbele ya kabati, asiondoke. Hata akasema, “Mwanangu, bakuli kama hili ninalo nyumbani, tena langu ni zima. Mbona mmeweka vigae?”

Kijana akamjibu, “Mama, kigae hiki twajua kilichimbwa wapi, katika tabaka gani la udongo, na kilikaa pamoja na nini. Kwa hiyo chaweza kutuambia habari. Bakuli zima lisilojulikana lilikotoka ni zuri, lakini ni bubu.”

Tulipotoka kukaa kivulini, mama akatufunulia siri yake. Mchuuzi wa vitu vya kale alikuwa amefika mlangoni pake, akataka kulinunua bakuli lile kwa fedha zitoshazo karo ya kitinda mimba wake kwa muhula mmoja. Naye alikwisha kumwambia aje Ijumaa. Bakuli hilo aliachiwa na mama mkwe wake. Hatukumlaumu, kwa maana kuuza chombo chako si dhambi, na mtoto kukosa shule ni msiba. Tulimwuliza neno moja tu: “Mama, wajua lilikotoka?” Akasema, “Mimi sijui. Wifi yangu ndiye ajuaye, naye ni mzee sana.”

Basi jioni ile ile wifi yake aliitwa. Akakaa mkekani, akalipakata bakuli, akaeleza nani aliyelileta, katika arusi ya nani, na kwa nini halikupakuliwa chakula ila siku za ndoa. Watoto wa nyumba hiyo walikuwa hawajasikia hata neno moja la hayo. Mwalimu mmoja akayaandika yote katika daftari. Ijumaa mchuuzi alipokuja, akaambiwa, “Subiri, baba, bakuli hili si langu peke yangu, nimewaita shemeji zangu tushauriane.” Karo bado haijatimia, nasi tumekwisha kusema na mwalimu mkuu wa kijana ili ipokewe kidogo kidogo.

Ndugu wasomaji, nendeni Ngomeni, mwende na watoto. Lakini mkirudi, tazameni nyumbani mwenu: sanduku la babu, cheti cha ubatizo, kinu cha bibi. Chukueni daftari, mkaketi na wazee wenu, mkaandike vilikotoka, maadamu wajuao wangali hai.