Hima: Bidii Iliyofunikwa na Haraka
Neno hima limekuwa adimu katika mazungumzo ya kila siku, na pale linapotokea wasomaji wengi hulipa kisawe kimoja tu: haraka. Kisawe hicho si kosa, ila hakitoshi. Katika Kiarabu, himma ni azma, ile nia inayomsukuma mtu kulikabili jambo na kulishikilia. Wepesi wa kutenda ni tokeo lake, si kiini chake. Haraka imetokana na neno jingine lenye maana ya mjongeo. Anayesema "fanya haraka" anautazama muda. Anayesema "fanya hima" anamtaka mtu ajibidiishe, hata kama muda nao unabana.

Ushahidi ulio wazi zaidi umo katika vitenzi. Harakisha na himiza vyote vina umbo la kusababisha, lakini havibadilishani nafasi. Mtu huharakisha kazi, safari au malipo, yaani jambo ambalo muda wake waweza kupunguzwa. Himiza huelekezwa kwanza kwa mtu: mzazi humhimiza mwanawe asome, nahodha huwahimiza mabaharia wavute makasia. Yambwa yake inapokuwa jambo, jambo lenyewe laweza kuwa la polepole kabisa. Masheikh na mapadri huhimiza subira, na hakuna anayeshangaa; "kuharakisha subira" ni maneno matupu. Kama hima ingekuwa haraka tu, himiza isingeweza kuibeba subira.

Mzizi huo huo, h-m-m, umezaa muhimu na hamu. Hamu ina historia ya ajabu kidogo: katika msemo "kwa hamu na ghamu", maneno mawili ambayo katika Kiarabu ni ya dhiki na majonzi sasa yanaeleza shauku. Himaya, himili na himidi hayamo katika ukoo huu. Kiarabu huyatamka kwa h ya kooni, sauti ambayo katika Kiswahili imeungana na h ya kawaida, ndipo udugu usiokuwepo ukaonekana.

Kwa hiyo kidahizo cha hima kinastahili kuanza na azma na bidii, kisha ndipo upesi ufuate. Suala hili si la watunga kamusi peke yao. Msomaji wa tenzi za mawaidha anayeifasiri kila hima kuwa "upesi" humgeuza mzee anayeusia kuwa mtu wa papara.